Harufu mbaya ndani ya gari: ondoa chanzo, usiifukize

Familia ikitoka Lamadi kurudi Bariadi kwa Noah, mara nyingi hubeba dagaa, pengine na mtoto aliyetapika njiani. Gari likifungwa juani siku mbili, halikaliki.

Dagaa wananuka lakini si najisi; hapo ni suala la usafi tu. Matapishi na mkojo ni najisi. Futa kwanza kilichopo, kisha mimina maji na ukamue kwa kitambaa mpaka kiondoke. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ikibaki harufu peke yake na ikawa ngumu kutoka baada ya kuosha, imesamehewa. Usijitie wasiwasi. Inua kapeti pia, kwani unyevu uliojificha chini yake huotesha ukungu, na ukungu huamsha pumu. Acha milango wazi mpaka sponji ya viti ikauke kabisa.

Dawa ya klorini, kama Jik, usiichanganye na siki wala usiimwage juu ya mkojo. Hutoa hewa inayochoma mapafu.

Kubwa zaidi ni chetezo. Udi ni mzuri, lakini usiuchome garini watu wakiwa ndani, hasa vioo vimefungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia. Mtoeni nje haraka apate hewa safi, mumkimbize hospitali.

Na gari likinuka moshi wa injini ndani, hilo halioshwi. Lipelekeni kwa fundi kabla ya safari nyingine.