Somo: Kutunza Makangaga Kivulini

Ndugu Katibu, kangaga hudumu bichi mwaka mzima likipata kivuli na unyevu. Kwetu Shinyanga adui yake ni kiangazi, Mei hadi Oktoba. Lipandwe chini ya mwembe wa ofisi, karibu na mtungi, katika udongo uliochanganywa na majani yaliyooza. Maji ya kusuuzia vyombo, yasiyo na sabuni, yatosha; si haki kina mama wajitwike ndoo kwa ajili ya pambo.

Wanachama wa Geita wasitumie kamwe maji ya madimbwi ya kuoshea dhahabu, kwani huenda yana zebaki. Tena, mwaka 2001 wataalamu wa Florida, Marekani, walitangaza kuwa kangaga liitwalo Pteris vittata hufyonza aseniki ardhini na kuilimbikiza majanini. Basi majani yaliyokatwa karibu na machimbo wasipewe mbuzi, wala yasitiwe kwenye shimo la mboji.