GODORO KUUKUU LIFANYWEJE?

Wahenga walisema, "Usitupe mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka uliochakaa, nao walitaka kumwonya mtu asikiache kitu chake cha zamani kwa kutamani kipya kisicho chake. Lakini siku hizi nyumba nyingi za shamba zina magodoro, na godoro likichakaa haliondoki kwa urahisi kama mkeka. Mkeka huoza shambani wala haumsumbui mtu. Godoro laweza kumdhuru mwenyewe, na jirani yake pia. Kwa hiyo imetupasa kuwaeleza wasomaji wetu namna ya kuliondoa kwa akili.

Kwanza mtu ajue godoro lake limejazwa nini. Magodoro yetu hujazwa sufi, au pamba, au usumba, au sponji. Na mengine yana springi za chuma ndani. Asiyejua na afumue mshono kidogo pembeni, atazame.

Sufi hutoka katika tunda la msufi. Nyuzi zake zina nta, kwa hiyo hazinywi maji upesi. Ndiyo sababu zamani zilijazwa katika majaketi ya kuokolea mabaharia. Godoro la sufi likigandamana, msidhani limekwisha kazi. Fumueni upande mmoja, anikeni sufi juani juu ya mkeka, chambueni kwa mikono mpaka madonge yaachane, chemsheni kitambaa cha nje na kukikausha, kisha jazeni tena. Pamba hufanywa vivyo hivyo. Kazi hii ifanywe nje, mbali na moto, maana sufi hushika moto mara moja; na mwenye kuifanya ajifunge kitambaa puani kwa ajili ya vumbi.

Usumba waweza kuoshwa, kwa kuwa asili yake ni makumbi ya nazi, na watu wa pwani huyafukia makumbi hayo majini kwa miezi mingi kabla ya kuyapiga. Usumba au pamba isiyofaa tena yaweza kutiwa katika shimo la mbolea. Pamba huoza upesi, usumba huchelewa.

Sponji ni jambo jingine. Wenye elimu huiita poliyurethani. Ilivumbuliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937, nayo hutengenezwa kwa vitu vitokavyo katika mafuta ya ardhini. Haiozi kama majani. Ikitupwa korongoni, mvua huichukua mpaka kwenye kalavati, ikaziba njia, maji yakafurika barabarani na mashambani. Ikifukiwa, jembe la wajukuu litaifukua.

Wako watu ambao huichoma. Hapa twawaomba wasomaji watusikilize sana. Moshi wa sponji una hewa mbili za sumu. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kuchukua hewa njema. Ya pili ni sianidi ya haidrojeni, ambayo huuzuia mwili kuitumia hewa hiyo. Mtu akizivuta kwa wingi ndani ya nyumba aweza kufa kwa dakika chache. Basi sponji isichomwe uani, mahali ambapo watoto hukusanyika kuota moto. Wala mama asiwashie vipande vyake moto wa jikoni, hata kuni zikiwa mbichi.

Yafaa nini basi? Ikateni kwa kisu kikali. Vipande vikubwa ni vizuri kwa viti na mabenchi, na fundi seremala huenda akavipokea kwa furaha. Vipande vidogo hujazwa mitoni. Springi na zipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwaka 2013 majimbo matatu ya Marekani, yaani Connecticut, Rhode Island na California, yalitunga sheria kwamba kila anunuaye godoro atoe ada ndogo, na fedha hizo zilipie kuyakusanya na kuyafumua yaliyochakaa: chuma kiyeyushwe, na sponji isagwe na kutengenezwa matandiko ya chini ya mazulia. Pasipo na sheria ya namna hiyo, kazi ni ya mwenye godoro mwenyewe.

Wengi husema, "Nitampa maskini." Ni neno jema, lakini mtu atazame kwanza. Akiona katika mishono madoa meusi, au mayai meupe madogo kama punje za chumvi, hao ni kunguni. Asidhani watakufa kwa kuliweka godoro ghalani majuma machache, maana kunguni waweza kuishi miezi bila kunyonya damu. Wala jua peke yake halitoshi, kwa kuwa hukimbilia upande wenye kivuli. Kitambaa kichemshwe, na sponji ikatwe vipande, vitiwe katika maji yachemkayo, vikandamizwe kwa mti mpaka maji yapenye ndani, ndipo vianikwe. Godoro la mwenye upele liwekwe kando juma moja bila kulaliwa na mtu, maana wadudu wa upele hawadumu siku nyingi nje ya mwili. Mtu akimpa maskini godoro lenye kunguni amemwongezea taabu, na maskini hana fedha za kuiondoa.

Walimu wa shule waweza kuwauliza wanafunzi maswali haya: Godoro la nyumbani kwenu limejazwa nini? Kwa nini sponji haichomwi? Kabla ya kumpa jirani godoro, twatazama nini katika mishono yake? Mtoto awezaye kujibu hayo na ayapeleke majibu nyumbani kwa wazazi wake.