KUHUSU MARADHI YA UTUMBO YA KUDUMU, NA YAMPASAYO ALIYEAMBIWA ANAYO

Leo twaacha kwa muda mfululizo wa masomo yetu, tupate kueleza jambo lililotufika katika darsa yetu wenyewe, nalo limo majumbani mwa watu wengi ambao hulificha kwa haya.

Palikuwa na kijana katika wanafunzi wetu wa baina ya Magharibi na Isha, umri wake miaka 22. Mara kwa mara alikuwa akiinuka katikati ya somo akatoka, wala asirejee. Pengine hutoka hata katika safu ya sala. Hatukumwuliza ana nini. Usiku mmoja, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulisema mbele ya watu maneno makali juu ya wanaoidharau ilimu na wasioweza kutulia saa moja mbele ya Mola wao. Jina hatukulitaja, lakini hapana aliyekuwapo asiyejua nani akusudiwaye. Kijana hakuja tena. Baada ya miezi miwili babake alitujia na karatasi ya hospitali mkononi, akatwambia kuwa mwanawe amekonda hata nguo hazimkai, ahara damu mara kumi na zaidi kwa siku, na madaktari wamesema kuwa maradhi haya ataishi nayo. Akatuuliza mambo mawili: ni nani aliyemroga, na je, twaweza kumwandikia kombe?

Tuliisoma ile karatasi tusifahamu neno. Basi tukamwendea daktari tunayemwamini, tukakaa mbele yake kama wakaavyo wanafunzi wetu mbele yetu. Tuyaandikayo hapa juu ya mwili ni ya ilimu yake. Tuyaandikayo juu ya ibada ni ya ilimu yetu.

Maradhi haya ni jamii moja yenye matawi mawili makubwa. La kwanza ni vidonda vya utumbo mpana: huanza kwenye njia ya kutokea choo, yakapanda juu bila kuruka mahali, na hula ngozi ya ndani tu. Daktari wa Kiingereza, Samuel Wilks, aliyaandika mwaka 1859. La pili ni maradhi ya Crohn, yaliyoitwa kwa jina la daktari wa New York, Burrill Crohn, ambaye yeye na wenzake Ginzburg na Oppenheimer waliyaeleza mwaka 1932. Haya yaweza kushika popote tangu kinywani mpaka mwisho wa njia, huruka huku na kule, na huzama katika unene wote wa utumbo. Ndiyo maana pengine hufunga njia, au hutoboa tundu likatoka usaha pembeni. Kijana wetu ana lile tawi la kwanza.

Sababu yake nini? Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Katika maradhi haya askari hao huushambulia utumbo wenyewe wala wasitulie. Mtu huzaliwa na asili ya kuyaelekea, kisha mambo ya nje yakayaamsha. Na aghlabu huwapata vijana, baina ya miaka 15 na 35. Hayaambukizi kwa chombo, wala kwa kitanda, wala kwa kupeana mkono. Hayakuletwa na mtu kula pilipili, wala na huzuni, ijapokuwa dhiki ya moyo yaweza kumzidishia mgonjwa taabu. Wala hapana jirani aliyeyatuma. Tulimwambia mzee yule: unatafuta adui mtaani, na ukimpata utakuwa umemdhulumu mtu, umekata udugu, na mwanao bado ahara damu. Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea ni jambo jema, nasi tulimsomea kijana kitandani pake. Lakini kombe la wino na hirizi hatukuandika, na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ameamrisha watu wajitibu.

Amma neno hili "ataishi nayo", ndilo lililomvunja kijana. Alidhani maana yake ni kuwa amekwisha. La, sivyo. Maradhi haya huja na kwenda: huwaka kwa majuma au miezi, kisha hulala, na kwa dawa yaweza kulala miaka. Mtu akayasahau, akafanya kazi, akaoa, akazaa. Rais Eisenhower wa Marekani alipasuliwa utumbo kwa maradhi ya Crohn mwezi wa Juni 1956, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule akachaguliwa tena kuiongoza nchi yake. Zamani shambulio kali la vidonda vya utumbo mpana likiua wengi. Mwaka 1955 madaktari wa Oxford, Truelove na Witts, walidhihirisha kwa majaribio kuwa kotisoni huwaokoa wagonjwa hao. Tangu mwaka 1998 zimetoka sindano mpya, ya kwanza ikiitwa infliksimabu, zinazowazuia wale askari wa mwili. Ni ghali mno, na hapa ndipo jamaa na wenye mali wapaswapo kuonekana.

Jambo la kwanza limpasalo aliyeambiwa khabari hii ni kuhakikisha kuwa ndiyo. Katika nchi zetu yako maradhi mengine yanayofanana nayo: kifua kikuu cha utumbo, amiba, kichocho. Makosa hapa ni khatari, kwani dawa zinazomfaa mwenye maradhi ya Crohn zinapunguza nguvu za mwili za kupigana na kifua kikuu. Kwa hiyo huangaliwa choo na damu, kisha hutiwa kwa njia ya nyuma mpira mwembamba wenye kamera, na hukatwa vipande vidogo vya ngozi ya utumbo vikatazamwa kwa darubini. Kijana wetu aliona haya mno kwa uchunguzi huu, akauahirisha mara mbili. Twasema: kufunua utupu mbele ya daktari kwa dharura na kwa kadiri ya haja ni halali, na wanazuoni hawakukhitilafiana katika asili yake. Haya imempotezea miezi miwili ya damu.

Jambo la pili, na hapa ndipo wengi huteleza, ni dawa. Huyu kijana alipewa vidonge vya predinisoloni, ambavyo ni jamaa ya kotisoni, na vingine vya mesalazini. Baada ya siku kumi damu ilikoma, akajiona mzima, akaviacha vyote siku moja. Mambo mawili yakamfika. Predinisoloni mtu akiizoea mwili huacha kutengeneza ya kwake, na akiikata ghafla huzimia au hufikwa na makubwa kuliko hayo. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Na mesalazini kazi yake ni kuyaweka maradhi yamelala, basi anayeiacha kwa kuwa amepona ni kama mlinzi aliyeondoka langoni kwa kuwa usiku ule hakuja mwizi. Walioandikiwa azathioprini wasiache kupimwa damu kila wanapoitwa. Na wote wajihadhari na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo watu hununua dukani kama peremende: vyaweza kuyaamsha maradhi. Parasetamoli ni salama zaidi. Mwenye maradhi ya Crohn akivuta sigara ayazidisha kwa mkono wake.

Chakula wanakizungumza sana watu, na kila jirani ana dawa yake. Daktari alitwambia kuwa hakuna chakula kimoja kinachoponya wote. Maradhi yakiwaka, uji, wali laini, viazi na ndizi huwa vyepesi kwa wengi, na maji yenye chumvi na sukari ya kipimo humrudishia mwili uliyopotea. Yakilala, na ale vizuri, kwani kukonda na upungufu wa damu navyo ni maradhi. Mgonjwa aandike anachokula na kinachomdhuru, ajue mwili wake. Habbat sauda na asali hatuzikatazi. Twakataza kuziweka mahali pa dawa.

Na ajue lini asingoje asubuhi. Mwenye vidonda vya utumbo mpana akihara damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa au moyo kwenda mbio, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo mwenye maradhi ya Crohn tumbo likimfura, akatapika, asipitishe hata upepo. Wapo wanaohitajia kupasuliwa. Mwenye vidonda akiondolewa utumbo mpana wote, vidonda vya utumbo huo huwa vimekwisha. Maradhi ya Crohn yaweza kurejea baada ya kupasuliwa. Na ambao utumbo wao mpana umeshikwa sana, baada ya miaka 8 hivi hutazamwa kila muda kwa ajili ya kuikuta saratani mapema.

Sasa tuje kwenye ibada, ambako kijana alikuwa na majonzi makubwa zaidi. Alikuwa ameacha kusali kwa kudhani sala yake haisihi. Mtu asiyeweza kuzuia kinachomtoka hukumu yake ni ya mwenye hadathi ya kudumu: ajisafishe, ajifunge kitambaa au pampasi, atawadhe baada ya kuingia wakati, kisha asali bila kukawia, kikimtoka kitu katika sala, aendelee. Kwa kila faradhi atawadhe upya. Aliyepasuliwa akafungiwa mfuko tumboni, hukumu yake ni hiyo hiyo: aumwage kabla ya kutawadha, wala halazimiki kuubandua. Na wakati wa shida, kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa ajili ya ugonjwa ni kauli ya Imam Ahmad. Na Imam Nawawi, ambaye ni katika nguzo za madhhabi yetu, aliiona ina nguvu, ijapokuwa siyo mashuhuri kwetu.

Amma funga, maradhi yakiwaka asifunge. Atalipa siku nyingine. Na ambaye hatarajii kuweza tena, atoe kibaba cha chakula kwa kila siku. Yakiwa yamelala, amwulize daktari kabla ya Shaabani kwisha, na vidonge vigawanywe baina ya futari na daku. Dawa itiwayo kwa nyuma hufunguza katika madhhabi yetu. Na kwa bahati njema ile ya mesalazini aghlabu hutiwa wakati wa kulala, basi na aitie usiku.

Wazazi wengine wametuuliza kama kijana kama huyu aweza kuozwa. Aweza, ila aeleze hali yake kabla ya akidi. Mwanamke mwenye maradhi haya pia huzaa, na mimba ni bora aishike maradhi yakiwa yamelala. Asiache dawa kwa kuogopa, kwani nyingi zake huendelezwa katika mimba. Lakini methotreksati haifai kabisa kwa mimba, na kwa hivyo amwone daktari kabla.

Tulikwenda nyumbani kwa kijana tukamtaka radhi. Kisha tukarejea darsani, tukasema mbele ya watu wale wale kuwa maneno ya usiku ule tumeyaondoa, na kwamba tulihukumu kabla ya kuuliza. Yeye hakutaka maradhi yake yatajwe siku ile, nasi hatukuyataja; haya tumeyaandika kwa idhini yake.

Ana mwezi wa tatu sasa bila damu. Hukaa karibu na mlango unaoelekea birikani, na jamaa wa msikiti wamemwachia mahali pale. Juzi aliinuka katikati ya somo akatoka, akarejea, akauliza tulipofikia.