Meli na Nyumba ya Wageni

Wasomaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa wako mbali na Ziwa Tanganyika, lakini kazi ya meli Liemba mwezi Mei 2015 yafaa tuitafakari. Maelfu ya Warundi, wakikimbia machafuko ya kwao, walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikawaingilia. Gati hapakuwa, mashua ziliwapeleka hadi melini, na Liemba, chombo kikongwe kilichoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawachukua watu wapatao 600 kwa safari moja mpaka Kigoma.

Twamkumbuka yule Msamaria. Alipokwisha kumfunga majeruhi vidonda hakumwacha njiani. Alimfikisha nyumba ya wageni, akalipa gharama. Bila Kigoma na kambi ya Nyarugusu, Liemba ingewashusha wapi watu wale?

Wazee wa Nachingwea walijua hayo zamani. Wilaya yao iliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, hata nchi ile ikajitawala mwaka 1975. Tangu 2017 vita vya Cabo Delgado vimewatoa tena watu makwao, ng'ambo ya Ruvuma. Je, nyumba yetu ya wageni ingali wazi?