Kisu Kinacholia Kra-kra: Maswali Kutoka Kwashemshi

Safu hii imezoea sarafu na stempu. Safari hii nimeletewa kisu. Mwalimu mmoja kijana wa Kwashemshi, Korogwe, alikikuta kwenye sanduku la nguo za marehemu babu yake, kimeviringwa katika kipande cha amerikani. Akapanda nacho basi hadi Tanga, tukakaa barazani kwangu asubuhi nzima na birika la chai. Ndio kwanza anaanza kukusanya vitu vya kale, na maswali yake nimeyaacha kama alivyoyauliza.

Shikamoo mzee. Nyumbani tumekua tukiambiwa kisu hiki kilitoka kwa askari wa Kijerumani, vita vya 1914. Ni kweli?

Marahaba, mwalimu. Kabla ya kuwasikiliza wa nyumbani, tukisikilize kisu chenyewe. Kifungue polepole. Kra, kra, kra. Hayo ni meno yaliyochongwa kwenye kitako cha bapa, yanapita moja moja chini ya ulimi wa chuma uliolazwa mgongoni mwa mpini. Bapa likinyooka lote, ulimi unaingia kwenye jino la mwisho na kisu hakikunjiki tena mpaka uvute hiyo pete. Pete inaunyanyua ulimi, meno yanaachiwa. Visu vingi vya kukunja havina pete wala meno, vinashikwa na springi tu. Ufundi huu ulivuma zamani Hispania, kwenye visu viitwavyo navaja, na wenyewe huuita carraca.

Sasa geuza mpini. Mti wa kahawia uliopinda kidogo kama mgongo wa samaki, na juu yake umepachikwa mwezi mwandamo na nyota. Pete, meno, mwezi, nyota: hiki ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika. Kwa hiyo nyumbani hawakukosea sana. Ila kutoka Ujerumani na kutoka kwa Mjerumani ni mambo mawili. Ungeniletea kile chenye mpini wa bati jeusi lililokunjwa, lenye picha ya paka anayeruka, yaani Mercator wa Solingen, hapo ningekaa vizuri kitini kusikiliza habari za askari. Okapi kilikuwa kisu cha dukani, cha mtu wa kazi.

Hakiwezi kuwa cha zamani zaidi? Kuna jamaa kaniambia ni cha enzi za biashara ya watumwa.

Hakiwezi, na anayekukatalia ni jina lake. Okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo. Wambuti wanamjua tangu na tangu, lakini wanasayansi wa Ulaya walimwandika mwaka 1901, baada ya Harry Johnston, mwakilishi wa Uingereza huko Uganda, kupeleka ngozi na mafuvu London. Kisu hakiwezi kupewa jina kabla jina halijafika kiwandani. Mwaka 1902 huohuo reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe, ila nakuomba usizifungishe ndoa tarehe hizo mbili. Nimeona mikusanyo mingi iliyojengwa juu ya sadfa za namna hiyo.

Na huu mwezi na nyota? Bibi anasema babu alikichagua kwa sababu kilikuwa kisu cha Kiislamu.

Bibi anasema kweli kuhusu babu, si kuhusu kisu. Ni pambo la kiwanda. Visu hivihivi, na mwezi wao na nyota zao, vimejaa Afrika Kusini, na Jamaika vimeimbwa mpaka vikawa na sifa mbaya. Lakini sababu ya mtu kuchagua kitu nayo ni sehemu ya historia ya kitu hicho, kwa hiyo maneno ya Bibi yaandike.

Basi kina miaka mingapi?

Lete chaki. Paka juu ya bapa, hapa karibu na mpini, kisha futa kwa kidole. Chaki inabaki ndani ya herufi. Kinamishe kwenye mwanga wa dirisha, usikiweke juani moja kwa moja. Ninasoma OKAPI, na chini yake GERMANY. Mbele ya neno hilo palikuwa na kitu kingine, kimeliwa na jiwe la kunolea.

Hapo ndipo mkusanyaji anapopata au kukosa. Lingekuwepo neno West, tungejua ni kati ya 1949 na 1990, miaka ya Ujerumani mbili. Ingekuwa South Africa, ni cha 1988 au baada yake, maana utengenezaji ulihamia huko. Kuna wanaotazama kutu wakasema "cha kale". Kutu haina umri. Chuma cha kawaida kikilazwa sakafuni masika moja tu kinazeeka. Kinyume chake kinasaidia zaidi: ukikuta kisu kimeandikwa *rostfrei*, yaani kisichoshika kutu, usikubali kuambiwa ni cha 1900, kwa sababu chuma cha namna hiyo kwa ajili ya visu kilianza Sheffield mwaka 1913.

Babu alizaliwa lini?

Kitambulisho chake kimeandikwa 1931.

(Hapo mwalimu alinyamaza, kisha akacheka mwenyewe. Nilimmiminia chai.)

Labda alirithi kwa baba yake.

Labda. Bibi anasemaje?

Anasema alikinunua dukani alipomaliza kipande chake cha kwanza kwenye mkonge.

Kwa nini hukuanza na hilo? Kipande, kadi ile ya siku 30 za kazi, kila mzee wa Korogwe anakijua. Miaka hiyo mashamba yalikuwa yamefurika manamba, na tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao, SILABU, ya kuwaleta watu kutoka mikoa ya mbali. Kijana wa 1931 anayepokea mshahara wake wa kwanza anatuweka miaka ya mwisho wa arobaini au hamsini. Tarehe hiyo ninaiamini kuliko ya 1914, na kwangu mimi ina thamani zaidi. Visu vya maofisa vimejaa kwenye makabati ya Ulaya. Kisu alichonunua mkata mkonge kwa fedha yake sijakiona kwenye kabati lolote.

Nyota moja iling'oka, babu akaziba kwa kipande cha sufuria. Nitafute fundi aweke ya shaba?

Ukimpelekea fundi usirudi hapa. Hebu tazama alivyofanya: amekata alumini kwa mkasi, pembe nne badala ya tano, akaigonga mpaka ikalingana na mti. Hiyo ndiyo alama inayokitofautisha na Okapi zote duniani.

Usafishaji nao uwe hivyohivyo, wa mkono mwepesi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo na chini ya ulimi, kitambaa kikavu kwenye bapa, basi. Mafuta ya nazi yanaganda na kunata. Msasa usiuguse kabisa. Ujanani nilipiga msasa kisu cha Sheffield mpaka kikang'aa kama kijiko cha harusi, na muhuri wa kiwanda ukaondoka na vumbi. Mpaka leo sijui kilikuwa cha nani.

Jirani yetu ana kingine, kizito, chenye msumari mnene mgongoni na alama kama unyayo wa kuku.

Huo unyayo wa kuku ni mshale, muhuri wa mali ya serikali ya Uingereza. Kama ubavuni ni cheusi chenye mikato kama ganda la fenesi, na kina kifungulia makopo, ni kisu cha jeshi cha vita ya pili. Msumari ni wa kufungulia mafundo ya kamba. Mwulize kama kuna mzee wao aliyekuwa Keya, yaani askari wa jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Madagaska 1942 au Burma 1944. Mwaka mara nyingi umegongwa kwenye chuma.

Nikikutana na chenye mpini wa pembe ya ndovu?

Usinunue. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haikuulizi kisu kina umri gani, inakuuliza kibali kiko wapi. Mifupa ya ng'ombe hufanana nayo, lakini ina vitobo vidogo vyeusi kama vya sindano. Pembe ina mistari laini inayopishana.

Mwisho, mzee: hiki changu kinaweza kuuzwa shilingi ngapi?

Okapi ni kisu rahisi tangu siku ya kwanza, ndiyo maana kilienea. Hiki chenye nyota ya sufuria usiniulize mimi bei, mwalimu. Nitakutajia ndogo, halafu nikinunue.