Mafunzo Niliyopata Nikipanga Safari za Kuwinda Nguruwe Pori Kutoka Kampala

Kila kiangazi kinapokaribia, watu wa hapa Kampala hunijia na maswali yale yale: nguruwe pori anawindwa wapi, na bunduki gani inafaa. La bunduki huwa nalijibu mwisho. Nguruwe wa porini katika Uganda ana wenyewe. Serikali inammiliki kwa niaba ya wananchi, mwenye ranchi anamlisha majani yake, na mkulima wa jirani anamlisha mihogo yake bila kupenda. Safari ikimsahau hata mmoja wao, huharibika kabla mtu hajakanyaga nyasi. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kupanga safari hizo mwenyewe.

1. Safari huanzia ofisini

Uwindaji ulipigwa marufuku Uganda mwaka 1979, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliyekutwa na mnyama wa porini mkononi alikuwa jangili, basi. Mwaka 1996 Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, UWA, iliundwa kwa kuunganisha Idara ya Wanyamapori na shirika la hifadhi za taifa. Mwaka 2001 mamlaka hiyo iliruhusu jaribio la uwindaji wa kulipia kwenye ranchi zinazozunguka Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Kutoka hapo mpango ukaenea hadi maeneo mengine, likiwamo bonde la mto Kafu, upande wa Nakasongola na Masindi.

Sheria inaiita ruhusa hii haki ya matumizi ya wanyamapori ya Daraja A. Hupewa kampuni, nayo kampuni hupangiwa idadi ya wanyama kwa aina zao kila mwaka. Kwa hiyo mtu akikuambia ana ranchi ya shemeji yake na mambo yote yako sawa, muulize karatasi tatu: kibali cha kampuni, idadi iliyobaki kwa mwaka huo, na jina la mwindaji mwenye leseni atakayekuwa ubavuni mwako. Akikosa moja, rudi nyumbani. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ilikaza adhabu kupita zamani, na mwaka 2022 mahakama ya Kampala inayosikiliza makosa haya ilimfunga mtu maisha kwa pembe za ndovu. Nguruwe si ndovu, lakini msako ni ule ule na maofisa ni wale wale.

2. Ijue ardhi kabla ya kuikanyaga

Hili ndilo ninalolipenda zaidi kuwasimulia wageni tukiwa njiani, maana kutoka Kampala hadi Sanga, jirani na Ziwa Mburo, kupitia Masaka na Lyantonde ni mwendo wa nusu siku, kama kilomita 240, na mazungumzo hayakosekani.

Nchi hiyo, Nyabushozi, ilikuwa malisho ya wafugaji wa Kihima na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Mbung'o walipoingia, serikali ya kikoloni iliamua kuwamaliza kwa kuwaua wanyamapori waliowapa damu. Wakapigwa risasi kwa maelfu, nguruwe pori na ngiri wakiwa miongoni mwao. Miaka ya 1960 ardhi ikagawanywa kuwa ranchi kubwa kwa msaada wa Marekani. Mwaka 1983 Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo ikatangazwa na wafugaji wakafukuzwa. Utawala ulipobadilika walirudi kwa hasira, na mwaka 1987 hifadhi ikapunguzwa kwa zaidi ya nusu.

Mpaka ulisogezwa, ila wanyama hawakuhama nao. Pundamilia, swala pala, nyati na ngiri wakajikuta ndani ya ranchi za watu, wakinywa maji ya malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Kwa desturi Wahima hawakuwa walaji wa nyama ya porini, na naamini hiyo ni sababu moja ya wanyama kubaki. Lakini kutokula mnyama hakumfanyi mfugaji afurahi kumlisha bure. Uwindaji wa kulipia ulipelekwa huko ili mnyama amlipe mwenye malisho. Mgeni asiyelijua hili hudhani amenunua burudani, kumbe ameingia katika ugomvi wa ardhi wa vizazi vitatu.

3. Msalimie mwenye ranchi, na msikilize

Mzee mmoja wa upande wa Rurambira aliniambia tukiwa tumeshika vikombe vya maziwa: "Mwanangu, jioni ng'ombe wangu huwa kwenye lile lambo, na mjukuu wangu yuko nyuma yao. Kabla hujamleta mgeni na bunduki, nataka nijue yuko wapi." Tangu hapo sipangi saa ya kuvizia bila kujua mifugo inanywa saa ngapi, watoto wanapita njia gani kwenda kisimani, na nani analala zizini. Ziara ya kwanza ranchini naifanya bila bunduki. Ninakwenda na mwongozaji wa kampuni, tunakunywa maziwa, tunaonyeshwa mipaka. Wateja wengine huona ni kupoteza fedha za mafuta. Mimi naona ndiyo sehemu ya safari isiyopaswa kukatwa hata bajeti ikibana.

4. Amua ni mnyama gani

Ngiri na nguruwe pori ni wanyama wawili tofauti, na kila mmoja huhesabiwa na kulipiwa peke yake. Ngiri hutembea mchana, hupiga magoti akila majani, hulala katika mashimo yaliyochimbwa na muhanga, na akikimbia mkia husimama wima. Nguruwe pori ana manyoya mengi, hujificha vichakani na kwenye matete mchana kutwa, hutoka jua likizama, na mkia wake hulala akikimbia. Anayetaka kumwona mnyama vizuri na kupiga kwa utulivu, nampangia ngiri. Anayetaka nguruwe pori lazima akubali kwamba anaweza kukaa jioni nzima na kurudi mikono mitupu, na ajue kwamba dume la kundi hugeuka na kushambulia vitoto vikitishwa.

5. Kiangazi na upepo

Juni hadi Agosti, kisha Desemba hadi Februari. Nyasi ni fupi, barabara za ranchi zinapitika, na maji yamebaki katika malambo machache. Mvua za Machi hadi Mei hufanya kila dimbwi kuwa kisima, na nguruwe hana haja ya kuja ulipo. Pua ya nguruwe ni kali kuliko macho yake, kwa hiyo tazama upepo kwanza.

6. Bunduki

Kama unaingia na yako kupitia Entebbe, kibali chake kiombwe mapema kupitia kampuni na polisi. Hili ni jambo la wiki nyingi. Kama huna, kampuni hukodisha. Bunduki ya .30-06 inatosha kabisa kwa ngiri na nguruwe pori. Moyo wa nguruwe umekaa chini na mbele, nyuma tu ya kiwiko cha mguu, si katikati ya mwili. Na katika kazi hii mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyekufa. Ni haki hivyo, na mteja aelezwe kabla ya kulipa.

7. Nyama ndiyo mtihani

Kampala inapenda nguruwe. Wandegeya, Nsambya, Najjera, jioni moshi wa nguruwe wa kuchoma umetanda, na nyuma ya moshi huo kuna maelfu ya familia za Wakiso, Mukono na Masaka zinazofuga nguruwe watano au kumi ili kulipa ada za shule. Ndiyo maana jambo hili sina mzaha nalo.

Ngiri na nguruwe pori hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao wenyewe kuugua. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Haumdhuru binadamu, lakini ukiingia kwenye banda la nguruwe wa kufugwa unaweza kulimaliza lote kwa siku chache, na hauna tiba. Virusi huishi muda mrefu kwenye nyama mbichi, hata ikigandishwa. Kipande kimoja kilichotupwa pamoja na makombo nyuma ya nyumba huko Kira kinaweza kumfilisi mama asiyewahi kuiona ranchi. Kwa hiyo katika safari zangu nyama huliwa kule kule, ikiwa imeiva hadi ndani, mabaki huzikwa, na viatu na visu huoshwa kwa dawa kabla ya kurudi.

Piga simu pia kwa ofisa mifugo wa wilaya kabla ya kuondoka. Ukanda wa ng'ombe zilipo ranchi hizi huwekwa karantini mara kwa mara kwa ugonjwa wa miguu na midomo, na wakati huo kusafirisha nyama ni kosa.

Kisha kuna watu mlio nao. Dereva anaweza kuwa Mwislamu au Msabato, na mpishi pia. Waulize kabla ya kuwaajiri, si mkiwa porini. Mimi hubeba sufuria zao, visu vyao na kuku au mbuzi wao, na mzigo wa nguruwe haupandi gari lao. Mtu asilazimishwe kuchagua kati ya imani yake na ujira wa siku.

8. Mkulima asiyetajwa kwenye mkataba

Nguruwe pori, pamoja na nyani na tumbili, wametangazwa rasmi kuwa wanyama waharibifu, na kazi ya kuwadhibiti ni ya serikali za wilaya. Kundi moja hufukua shamba la mihogo au viazi vitamu kwa usiku mmoja. Mkulima aliyechoka kukesha hutega tanzi la waya, na tanzi halichagui: leo nguruwe, kesho ndama wa jirani au swala.

Hapa ndipo mwindaji anaweza kuwa na faida ya kweli. Badala ya kukaa katikati ya ranchi, omba kampuni ikupeleke kwenye ukingo wa mashamba yanayoliwa, kama idadi na kibali vinaruhusu eneo hilo. Uliza pia sehemu ya ada yako inayokwenda kwa chama cha jamii inalipwa lini na kwa nani, na uombe uonyeshwe stakabadhi. Kampuni inayofanya kazi safi haikasiriki kwa swali hilo. Makao makuu ya UWA yako Barabara ya Kira, Kamwokya, jirani na Jumba la Makumbusho la Uganda. Nenda huko kabla hujamlipa mtu yeyote shilingi moja.