Pombe Moja, Sababu Tofauti

Mwaka wa kwanza, kila siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa, nilikuwa nanywa kwanza. Moyo unadunda, mikono inatoka jasho, naona kabisa nitaanguka pale mbele watu wacheke. Rumeti wangu hakuwa na shida hiyo. Yeye boom likiingia tu anataka bata, kelele, bodaboda usiku wa manane bila helmeti. Semina ya wiki ya kwanza tuliisikiliza benchi moja: pombe inaharibu ini, pombe itakufukuzisha chuo. Tukatoka, kila mtu akaendelea na yake. Mwaka wa pili mwenzangu alidisko.

Nimekuja kuelewa kwa nini ile semina haikutugusa baada ya kusoma kazi za Patricia Conrod, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada. Yeye na wenzake wanataja hulka nne zinazomsogeza kijana kwenye ulevi: kukosa matumaini, kuogopa dalili za wasiwasi, kutenda kabla ya kufikiri, na kiu ya msisimko. Hiyo ya pili ndiyo yangu. Siyo woga wa kawaida. Moyo ukienda mbio, unauogopa ule mwendo wenyewe, unadhani kuna baya linakuja. Pombe inautuliza kidogo, na mwili unajifunza haraka kuidai tena. Mwenye kiu ya msisimko hatafuti utulivu, anataka raha izidi. Asiye na matumaini anakunywa asiumie, na huyo mara nyingi hatumwoni, maana hapigi kelele.

Programu yao, Preventure, hupima wanafunzi kwa dodoso fupi, kisha wenye hulka moja hukaa pamoja kwa vipindi viwili, kila kimoja kama dakika 90. Hawahubiriwi pombe. Wanajifunza kuishi na hulka yao: kuikamata fikra inayowapeleka mbio, kuipima, kuchagua jingine. Ilipojaribiwa katika shule za London, wafanyakazi wa shule wenyewe ndio waliofundishwa kuiendesha, na unywaji wa kupindukia ukapungua. Sisi wa ualimu tusikie hapo.

Ila jamani, hulka siyo hukumu. Ukimbandika mtoto jina la "mlevi mtarajiwa", umemharibu.

Mimi siku hizi nikisimama mbele bado natetemeka. Nawaambia tu wenzangu, natetemeka, nivumilieni, naanza.